Clomid, letrozoli au sindano: dawa ya kupevusha mayai huchaguliwa kwa kutazama ugonjwa

Wanawake watatu wanaweza kumeza Clomid ya miligramu 50 kwa siku zilezile tano, na ovari zao zikajibu kwa namna tatu. Wa kwanza, folikoli moja inakua mpaka milimita 20 na yai linatoka. Wa pili, ultrasaundi ya siku ya 14 inaonyesha ovari zimetulia tuli kana kwamba hakumeza kitu. Wa tatu, folikoli nne zinakua kwa mpigo, na daktari anamwambia mwezi huu asikutane na mumewe bila kinga. Dawa ni moja. Kilichotofautiana ni ugonjwa uliokuwamo mwilini kabla ya kidonge cha kwanza.

Ndiyo maana ule ushauri wa "mimi nilitumia hii nikashika mimba, jaribu na wewe" umewaponza wengi. Na ndiyo maana jibu la "homoni zimevurugika" halitoshi kukuchagulia dawa. Homoni ipi? Iko juu au iko chini? Kosa limeanzia kichwani au kwenye ovari? Ulinganisho huu unafuata maswali hayo. Dawa zote zinazotajwa hapa ni za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa kwa vipimo. Dozi tumeziweka ili uelewe unachoandikiwa na uweze kuuliza, usizichukue kama ruhusa ya kwenda kujinunulia.

Dawa hizi zinafanya nini hasa

Kila mwezi ubongo na ovari huongea. Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi hutoa homoni ya GnRH kwa mapigo, tezi ya pituitari ikisikia mapigo hayo hutoa FSH na LH, na FSH ndiyo inayokuza folikoli, vile vijifuko vya maji ambamo mayai hukulia. Folikoli inayokua hutoa estrojeni. Estrojeni inarudi kichwani na ujumbe kwamba kazi imeanza, FSH ipunguzwe. FSH inaposhuka, folikoli iliyotangulia wenzake ndiyo pekee inayohimili; nyingine hunyauka. Estrojeni ikikaa juu kwa siku mbili hivi, LH hufumuka kwa wingi, na saa kama 36 baadaye yai hutoka.

Clomid, yaani klomifeni, huziba masikio ya ubongo. Estrojeni ipo, lakini ubongo hauisikii, kwa hiyo unadhani ovari zimelala na unaongeza FSH. Letrozoli haizibi masikio. Inazuia kimeng'enya cha aromatesi, kinachogeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, hivyo estrojeni inapungua kweli na ubongo unaongeza FSH kwa haki. Sindano zinauruka ubongo kabisa: FSH inaingizwa kutoka nje na kwenda moja kwa moja kwenye ovari.

Kutokana na hapo mengi yanajieleza. Clomid na letrozoli zinahitaji vitu viwili: ubongo na pituitari vinavyoweza kujibu, na ovari yenye mayai. Sindano zinahitaji kimoja tu, ovari yenye mayai. Hakuna hata moja kati yake inayotengeneza yai jipya, na hakuna inayozibua mirija.

Vipimo vinavyoamua

Siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi hupimwa FSH, LH na estradioli, ambayo ndiyo estrojeni kuu ya ovari. Prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, na TSH ya tezi ya shingo hupimwa pamoja nazo. AMH, inayoonyesha akiba ya mayai, inaweza kupimwa siku yoyote. Ultrasaundi ya kuingiza ukeni huhesabu folikoli ndogo katika kila ovari. Kisha vipimo viwili ambavyo watu wengi huviruka: mbegu za mume na picha ya mirija. Mwanamke akipevushwa mayai miezi sita huku mirija yote miwili imeziba, ameteseka bure, na pesa imekwenda.

Shirika la Afya Duniani liliwagawa wanawake wasiopevusha mayai katika makundi matatu, na mgawanyo huo bado ndio unaosaidia zaidi kuchagua dawa. Kundi la kwanza: FSH, LH na estradioli zote ziko chini, kosa liko kichwani. Kundi la pili: FSH ni ya kawaida na estrojeni ipo, ila mazungumzo yamepotoka. Hapo ndipo walipo wenye PCOS, yaani ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, nao ndio wengi kuliko wote. Kundi la tatu: FSH iko juu na estrojeni chini, ovari zimeishiwa mayai. Wenye endometriosisi, yaani tishu kama ya ukuta wa mji wa mimba kuota nje yake, hawamo humo, kwa sababu wengi wao hupevusha mayai kila mwezi. Shida yao ni nyingine.

PCOS: Clomid au letrozoli?

Kwa vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, PCOS husemwa ipo pale mawili kati ya haya matatu yakionekana: hedhi ya kuruka au isiyokuja, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuwa juu, na ovari zenye folikoli nyingi ndogo kwenye ultrasaundi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unakubali pia AMH iliyo juu itumike badala ya ultrasaundi kwa wanawake watu wazima.

Ndani ya ovari ya PCOS kuna msongamano. Folikoli nyingi za milimita 2 hadi 9 zimepangana ukingoni na hakuna iliyopata nguvu ya kutangulia. LH mara nyingi iko juu, insulini iko juu, na vyote viwili vinaisukuma ovari itengeneze homoni za kiume zaidi. AMH nyingi inazifanya folikoli zisiisikie FSH vizuri. Hivyo FSH kidogo haitoshi. Lakini ikizidi kidogo tu, folikoli zote zilizokuwa zinangoja mlangoni zinaingia pamoja. Nafasi kati ya dozi isiyofanya kitu na dozi inayozidisha ni nyembamba sana kwa mwanamke mwenye PCOS kuliko kwa mwingine yeyote. Hilo ndilo jambo la kushika katika makala hii yote.

Sasa weka Clomid katika ovari hiyo. Kidonge kina sehemu mbili, na moja kati yake hukaa mwilini wiki kadhaa. Masikio ya ubongo yanabaki yamezibwa hata folikoli zinapokwisha kukua, kwa hiyo FSH haishuki kwa wakati na folikoli ya pili na ya tatu hupata nafasi ya kuendelea. Kuzibwa huko hakuishii kichwani. Ukuta wa mji wa mimba nao hauisikii estrojeni vizuri, wala shingo ya uzazi. Ndipo unapokuta folikoli nzuri ya milimita 20, lakini ukuta una milimita 5 tu, na ute ule wa kuvutika kama ute wa yai la kuku haupo. Yai limepevuka, ila njia ni kavu na mahali pa kutua ni pembamba.

Letrozoli hupungua kwa nusu kila baada ya siku mbili hivi. Ukimeza siku ya 3 hadi ya 7, siku ya 14 imebaki kidogo mno. Folikoli inayotangulia inatoa estrojeni, ubongo unaisikia, FSH inashuka, nyingine zinanyauka. Ukuta unakua kama kawaida kwa sababu masikio yake hayakuzibwa.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa wanawake 750 wenye PCOS kati ya dawa hizi mbili kwa mizunguko isiyozidi mitano. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na asilimia 19.1 kwa klomifeni. Mizunguko ambayo yai lilitoka ilikuwa asilimia 61.7 dhidi ya 48.3.

| | Clomid (klomifeni) | Letrozoli |
|---|---|---|
| Dozi ya kuanza | mg 50 kwa siku, siku 5 | mg 2.5 kwa siku, siku 5 |
| Yai lisipopevuka | mg 100, kisha 150 | mg 5, kisha 7.5 |
| Estrojeni wakati wa dawa | hupanda, hasa folikoli zikiwa nyingi | hushuka kwanza, kisha hupanda kiasi |
| Ukuta wa mji wa mimba | huweza kuwa mwembamba | kwa kawaida hukua vizuri |
| Kero za kawaida | joto la ghafla, kuumwa kichwa, hasira | uchovu, kizunguzungu |
| Mimba za mapacha (utafiti wa 2014) | asilimia 7.4 | asilimia 3.4 |

Tofauti hiyo ya mapacha haikutosha kitakwimu kuwa ushahidi kamili ndani ya utafiti ule peke yake, ila inaendana na jinsi dawa zenyewe zinavyofanya kazi.

Kuna jambo linalowatisha wengi. Mwanamke anafungua boksi la letrozoli, anakunjua karatasi ya maelezo, na anasoma kwamba ni dawa ya saratani ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi, na kwamba isitumiwe na mjamzito. Mwuza dawa naye anamtazama kwa huruma. Wengine wanaifunga wasiimeze. Ukweli ni huu: letrozoli ilisajiliwa kwa saratani hiyo, na matumizi ya kupevusha mayai, yaliyoanza kuchapishwa mwaka 2001, yako nje ya usajili huo. Mwaka 2005 ilizuka hofu kwamba huenda inaleta kasoro kwa watoto. Mwaka uliofuata watoto 911 waliozaliwa baada ya dawa hizi mbili walichunguzwa, na wa letrozoli hawakuwa na kasoro zaidi ya wa klomifeni. Leo mwongozo wa kimataifa wa PCOS unaiweka letrozoli mbele. Onyo la ujauzito lina maana yake, na ndiyo sababu kipimo cha mimba hufanywa kabla ya kidonge cha kwanza cha kila mzunguko, hata kama umetoka damu.

Uamuzi wetu uko wazi: kwa PCOS, anza na letrozoli. Clomid ibaki pale letrozoli haipatikani au haikuvumilika, na ikitumika iende na ultrasaundi angalau katika mzunguko wa kwanza. Ukiona ukungu, vimulimuli au mwanga unaobaki machoni ukiwa kwenye Clomid, acha dawa na umwone daktari. Usijaribu tena mwezi unaofuata.

Metformini, dawa ya kisukari, inaingia wapi? Inapunguza insulini, na kwa njia hiyo homoni za kiume. Lakini peke yake ni dhaifu kwa kuzaa. Katika utafiti wa mwaka 2007 wa wanawake 626, waliojifungua walikuwa asilimia 7.2 kwa metformini, 22.5 kwa klomifeni, na 26.8 kwa zote mbili, na hiyo ya mwisho haikutofautiana kwa uhakika na klomifeni peke yake. Inafaa zaidi kwa mwenye sukari inayopanda, au ambaye ovari zake zimekataa Clomid. Huanzwa mg 500 na chakula cha usiku, ikapandishwa kila wiki hadi mg 1500 au 2000. Ukiianza kwa dozi kubwa, tumbo litakuharisha mpaka uichukie. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, ovari zinaweza kujibu dozi ambayo mwanzo zilikuwa zinaipuuza.

"Dawa imekataa" kuna maana mbili

Yai halikupevuka, au yai limepevuka lakini mimba haikuingia. Haya mawili yanatibiwa tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakofanya watu wamezeshwe Clomid mg 50 mwaka mzima.

Kuyatofautisha si kazi kubwa. Damu ya kupima projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, huchukuliwa siku 7 hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 ni siku ya 21, kwa mwenye mzunguko wa siku 35 ni siku ya 28. Mtu wa siku 35 akipimwa siku ya 21 ataambiwa hakupevusha, kumbe yai linatoka siku hiyohiyo. Zaidi ya nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Likiwa halikutoka, dozi inapandishwa ngazi moja. Likiwa linatoka, kupandisha dozi hakuongezi kitu ila madhara: baki na dozi hiyohiyo, na baada ya mizunguko mitatu hadi sita bila mimba rudi kwenye mirija, mbegu na mji wa mimba.

Vijiti vya mkojo vya kupima LH vina mitego miwili. Mwenye PCOS ana LH ya juu siku nyingi, kwa hiyo kijiti kinaweza kuonyesha mistari miwili mfululizo bila yai kutoka. Na Clomid hupandisha LH siku za dawa zenyewe. Anza kupima siku ya tatu au zaidi baada ya kidonge cha mwisho.

Sindano kwa mwenye PCOS

Hapa ile nafasi nyembamba ndipo inapouma. Mwanamke wa kawaida anaweza kuanzishwa yuniti 150 za FSH kwa siku akiandaliwa kwa upandikizaji (IVF, mayai kurutubishwa maabara). Mwenye PCOS anayetaka yai moja la kushika mimba nyumbani huanzishwa yuniti 37.5 hadi 75, anakaa hapohapo hadi siku 14 bila kupandishwa, na zikipandishwa ni yuniti 37.5 tu kwa mara. Subira hiyo inachosha. Siku ya nane ultrasaundi inaonyesha folikoli zote chini ya milimita 10, mwanamke analia, na anayemhudumia anashawishika kuongeza dozi maradufu. Asifanye hivyo. Ovari hiyo inaweza kuwa siku mbili tu kabla ya kuitikia, na ikiitikia kwa dozi maradufu zitatoka folikoli kumi.

Folikoli inayoongoza ikifika milimita 17 au 18, hupigwa sindano ya hCG, homoni ya mimba, yuniti 5,000 hadi 10,000, inayoiga mfumuko wa LH. Zikiwa zaidi ya mbili zilizofika milimita 16, mzunguko unasimamishwa: hakuna hCG, na tendo la ndoa ni kwa kinga tu. Kusimamisha kunauma, ila mimba ya watoto wanne inauma zaidi, na si kwa mama peke yake.

Hatari kubwa ni ovari kusisimka kupita kiasi. hCG ikikuta folikoli nyingi, ovari hutoa kemikali zinazofanya mishipa ivuje, maji yanajaa tumboni na damu inakuwa nzito. Dalili za mapema huja ndani ya wiki moja baada ya hCG. Zinazokuja baadaye, siku ya kumi na kuendelea, husababishwa na hCG ya mimba yenyewe. Tumbo linabana sketi, uzito unapanda kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo unapungua na kuwa mweusi, pumzi inakata, kutapika hakuishi, au mguu mmoja unavimba: ni hospitali usiku huohuo, bila kungoja kliniki ya Jumatatu. Kwenye upandikizaji, mwenye PCOS anaweza kupewa sindano ya aina ya GnRH badala ya hCG ya kufungulia mayai, viinitete vikagandishwa na kurudishwa mwezi mwingine. Njia hiyo imepunguza sana hatari hii.

Na hifadhi. Sindano nyingi za FSH hutunzwa nyuzi 2 hadi 8, zisiguse barafu. Baadhi za unga huvumilia hadi nyuzi 25, lakini ndani ya nyumba Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari joto hupita hapo mchana. Umeme ukikatika saa nyingi, chupa ya chai yenye vipande vya barafu vilivyofungwa kwa taulo itakuvusha. Dawa iliyoganda itupwe.

Kosa likiwa kichwani

Mwanamke aliyekonda kupita kiasi, anayejinyima kula au anayefanya mazoezi makali kila siku, hipothalamasi yake hupunguza mapigo. Hana estrojeni. Clomid inaziba masikio yasiyo na cha kusikia, na letrozoli inapunguza kisichokuwapo. Zote mbili kwa kawaida hugonga mwamba, si kwa sababu dozi ni ndogo. Tiba ya kwanza ni chakula, uzito kurudi na mazoezi kupunguzwa, na kwa wengi hedhi hurudi yenyewe.

Yuko mwingine ambaye kwetu Afrika Mashariki hapaswi kusahaulika. Alijifungua, akatoka damu nyingi mno mpaka akazimia au kuongezewa damu, maziwa hayakutoka, na hedhi haijarudi. Anachoka, anahisi baridi, nywele za kwapani zimepungua. Huo ni ugonjwa wa Sheehan: pituitari ilikosa damu wakati ule na sehemu yake ikafa. Anaweza kuzungushwa miaka akimezeshwa Clomid kwa tezi isiyoweza kujibu. Zaidi ya hayo, huenda amekosa kotisoli na homoni ya tezi ya shingo pia, na mpangilio una maana: kotisoli irudishwe kwanza, thairoksini baadaye, kwani kinyume chake kinaweza kumwangusha ghafla.

Watu hawa wanapohitaji sindano, FSH peke yake haitoshi. Estrojeni hutengenezwa na seli za aina mbili ndani ya folikoli: LH huziambia za nje zitengeneze homoni ya kiume, FSH huziambia za ndani ziigeuze. Bila LH, folikoli inakua kwenye ultrasaundi huku estradioli ikibaki chini na ukuta ukiwa mwembamba. Wape sindano zenye FSH na LH pamoja, na kwa yuniti 75 hadi 150 kwa siku kwa kawaida hujibu vizuri. Kufungulia yai lazima iwe hCG. Ile ya aina ya GnRH inayowafaa wenye PCOS hapa haifanyi kazi, kwa sababu pituitari haina cha kutoa.

Prolaktini na tezi ya shingo

Hapa dawa za kupevusha ni za baadaye, au hazihitajiki kabisa. Prolaktini ikiwa juu inazima mapigo ya GnRH. Kabergolini mg 0.25 hadi 0.5 mara mbili kwa wiki huishusha, na mayai mara nyingi huanza kutoka yenyewe, wakati mwingine hata kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Kabla ya hapo, pima TSH, maana tezi iliyolala hupandisha prolaktini, na uliza dawa anazomeza: metoklopramidi ya kutapika, domperidoni, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Kipimo kilichopanda kidogo kirudiwe asubuhi akiwa ametulia, bila kuguswa matiti.

Ovari zilizoishiwa, na zinazoelekea huko

FSH zaidi ya 25 mara mbili, wiki nne kati yake, kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40 ambaye hedhi imekatika, maana yake ovari zinaishiwa kabla ya wakati. Ubongo tayari unapiga kelele kwa sauti yake yote. Clomid inaomba kelele ziongezeke, sindano zinaongeza kelele nyingine. Hakuna wa kuitika. Ni vigumu kumwambia mtu hivi, lakini kumuuzia mizunguko sita ya sindano ni ukatili. Njia yenye matumaini makubwa ni yai la kuchangiwa, na akitaka au asitake mtoto bado anahitaji estrojeni na projesteroni za kulinda mifupa na moyo.

Mwenye akiba ndogo ni mwingine: hedhi ipo, AMH iko chini ya nanogramu 1.1 hivi, folikoli ndogo hazifiki tano au saba. Huyu anajibu, ila kidogo. Kupandisha FSH zaidi ya yuniti 300 kwa siku hakupendekezwi, kwani hakuna folikoli za kuitumia. Jihadhari pia na FSH "iliyoshuka" huku estradioli ya siku ya 3 iko juu: estrojeni imeificha, akiba haikuongezeka.

Endometriosisi

Mayai yanatoka, kwa hiyo kidonge cha kupevusha peke yake kinatibu kisichougua. Madoa ya endometriosisi yana aromatesi yake, yanajitengenezea estrojeni, na ukuta wa mji wa mimba hauitikii projesteroni inavyopasa. Kwa hali nyepesi, mirija ikiwa wazi, kuchochea mayai kidogo pamoja na kuingiza mbegu zilizosafishwa ndani ya mji wa mimba kwa mizunguko mitatu au minne ni bora kuliko kungoja tu. Kwa hali nzito, upandikizaji. Sindano hupandisha estradioli mara nyingi zaidi ya kawaida, na ndiyo maana letrozoli huweza kuongezwa kuibana.

Uvimbe wa damu kwenye ovari usikimbiliwe kukatwa kabla ya kupima AMH. Kila upasuaji huondoa na mayai mazima, na ovari iliyokatwa mara mbili hujibu sindano kama ya mwenye akiba ndogo. Nazo dawa za kuzima hedhi zinazotuliza maumivu huzuia mimba muda wote unaozitumia. Zinafaa kwa maumivu, hazikuongezei nafasi ya mtoto.

Mzunguko mmoja, hatua kwa hatua

Kwa mwenye PCOS kwenye letrozoli: pima mimba. Kama hedhi haiji, daktari anaweza kukupa medroksiprojesteroni mg 10 kwa siku 5 hadi 10 ili utoke damu. Anza kidonge siku ya 3, saa ileile kila siku, malizia siku ya 7. Ultrasaundi siku ya 11 hadi 13. Folikoli hukua milimita 2 hivi kwa siku, kwa hiyo ya milimita 14 leo inakaribia 18 keshokutwa. Rudi siku hiyo, usingoje wiki. Yai kwa kawaida hutoka siku 5 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho. Kutaneni kila baada ya siku moja kuanzia siku ya 10 hadi ya 20. Vilainishi vingi vya dukani na mate huzidhoofisha mbegu, viepukeni. Dawa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa mitandaoni zisichanganywe na hizi, kwa kuwa hakuna anayejua kilichomo.

Ukipigwa sindano ya hCG, usipime mimba kabla ya siku 14. Kijiti cha mkojo huisoma hCG ileile ya sindano, nayo huweza kubaki mwilini siku kumi au zaidi. Mstari wa pili wa siku ya sita ni wa dawa.